Miaka 20 kwa Maneno 150

Makundi ya WhatsApp ya watu waliomaliza sekondari pamoja hufa kwa namna moja. Siku za kwanza ni vicheko na majina ya utani, zinafuata picha za zamani zilizofifia, halafu mtu mmoja anasema: "Jamani, hebu kila mtu ajitambulishe, yuko wapi na anafanya nini." Wanajitokeza saba au wanane, wote wakiwa na habari za kujivunia, kisha kimya. Miezi michache baadaye zimebaki salamu za asubuhi, video za kusambazwa na matangazo ya misiba. Lawama huelekezwa kwenye tabia za watu: hawa wana maringo, wale wana wivu, wengine wametingwa. Ni lawama za kivivu. Swali lenyewe liliulizwa vibaya, tena mahali pasipofaa.

Tazama linamtaka mtu afanye nini. Afupishe miaka 20 papo hapo, kwa kidole gumba, mbele ya watu 90 ambao baadhi yao hakuwahi kuzungumza nao hata walipokuwa darasa moja, tena dakika chache baada ya mwenzake kutaja cheo, nyumba na watoto wanaosoma ng'ambo. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi cha kujipima, hujilinganisha na wengine, na hasa wale anaowaona wanafanana naye. Hakuna wanaofanana nawe kwa kipimo hicho kuliko mliosoma nao: umri mmoja, walimu wale wale, mtihani ule ule. Tajiri wa mbali hamkoseshi mtu usingizi. Aliyekuwa akinakili hesabu zako, huyo anaweza.

Kwa hiyo anayeandika wa kwanza ndiye anayeweka kimo. Akiwa daktari bingwa, na wa pili akiwa wakili, yule anayeuza vipuri vya pikipiki ataahirisha mpaka kesho, na kesho haifiki. Hajakataa kuandika, ameona tu kwamba foleni imeshapangwa kwa urefu. Ndiyo maana kuwabembeleza watu ("hapa hakuna mkubwa wala mdogo, jiachieni") hakusaidii chochote. Wanaobembelezwa ndio wanaojua kwamba mkubwa na mdogo wapo.

Dawa yake ni ya kizamani na inafanya kazi: kusanya maelezo ya watu faraghani, kisha yatoe yote siku moja. Harvard wamefanya hivyo kwa vizazi. Kila baada ya miaka 5 waliohitimu mwaka mmoja hualikwa kuandika maisha yao kwa maneno yao wenyewe, na maelezo hayo hutolewa pamoja kama ripoti ya darasa. Unaweza usiupende ufahari wa chuo hicho, lakini utaratibu wenyewe ni wa busara. Hakuna anayeandika huku akimtazama aliyemtangulia, na ripoti ikitoka daktari bingwa na muuza vipuri wanakaa kurasa zinazofuatana kwa sababu tu majina yao yanaanza na herufi moja.

Kazi hiyo inataka watu wawili, si kamati. Kamati ya watu saba itatumia mwezi mzima kuchagua rangi ya jalada. Mmoja akusanye, mwingine asome kila maelezo kabla hayajaingia na kuuliza panapotia shaka. Maombi yatumwe kwa kila mtu peke yake, si kwenye kundi, kwa sababu ujumbe wa kundi ni wa wote na hivyo si wa yeyote. Tarehe ya mwisho iwe wiki 3 mbele. Ukitoa miezi miwili, watu watasema "bado muda upo" na kusahau kabisa. Ukitoa siku 5, wataandika wale wale wasio na haya ya kuandika. Kumbusha mara mbili tu: wiki moja kabla, kisha siku 2 kabla. Ukumbusho wa tatu unageuka kero, na aliyekasirika haandiki vizuri.

Ombi lenyewe lisiwe fomu. Fomu yenye visanduku vya "kazi", "ndoa", "watoto" huleta majibu ya neno moja moja, tena huwafanya wenye kisanduku kitupu wajione wana kasoro. Lisiwe pia ukurasa mweupe wenye maneno "tuambie habari zako", maana hapo mtu atahangaika wiki nzima na sentensi ya kwanza. Omba aya moja ya maneno 120 hadi 150, ambayo mtu husoma kwa dakika moja hivi, ipite kwenye mambo matano: ulikuwa nani pale shuleni, umefikaje ulipo, siku yako ya kawaida ikoje, jambo moja lililokubadilishia njia, na mwisho swali au msaada unaouhitaji au unaoweza kuutoa. Familia inaingia popote mwandishi anapotaka, au isiingie kabisa.

Hilo la kwanza wengi huliruka, na ndilo linalobeba mengine. Mwaka 1975 Harry Bahrick na wenzake walichapisha utafiti uliowapima watu 392 kuhusu kumbukumbu zao za waliosoma nao sekondari. Walipoonyeshwa picha, walizitambua sura za wenzao kwa karibu asilimia 90, hata waliokuwa wamemaliza shule zaidi ya miaka 30 nyuma. Walipotakiwa kuyataja majina kichwani bila kidokezo chochote, walifanya vibaya mno. Kwa maneno mengine, wenzako hawajakusahau. Wanachokosa ni mahali pa kuanzia. Jina lako la sasa pekee halitoshi, hasa kama umebadilisha kwa ndoa, kwa dini au kwa hiari tu. Weka jina la shuleni, la utani kama hulichukii, mkondo, ulipokaa, na picha mbili: ya enzi zile na ya leo. Picha ya zamani ifanye kazi yake ya kukutambulisha, basi. Picha ya watu 40 waliosimama mbele ya bweni, sura zikiwa ndogo kama punje, haimtambulishi mtu. Ikate ubaki wewe.

Halafu kuna umbo la maelezo yenyewe. Haya ni ya aina inayojaza makundi:

"Habari zenu wapendwa. Baada ya sekondari niliendelea na masomo ya juu, nikahitimu shahada ya kwanza na baadaye ya pili. Kwa sasa ni meneja mwandamizi wa uendeshaji. Nina familia yenye watoto wawili. Namshukuru Mungu kwa yote."

Hakuna uongo hapo, wala hakuna cha kujibu zaidi ya "hongera sana". Sasa mtu huyo huyo, maisha yale yale:

"Mkondo B, dawati la mwisho karibu na dirisha. Mimi ndiye niliyekuwa nagonga kengele, mkaniita Saa Mbovu. Baada ya mtihani nilikaa nyumbani miaka 2, nikajifunza ufundi wa majokofu, shule nyingine zikafuata baadaye. Leo nasimamia mafundi 9 wanaotunza vyumba vya baridi vya kuhifadhia chanjo. Naanza saa 11 alfajiri kwa kusoma vipimo vya joto vya usiku, maana chumba kikivuka nyuzi 8 kuna chanjo zinaanza kuharibika. Ndoa yangu ilidumu miaka 12. Watoto wawili wanaishi na mimi, tuko salama, na hilo nimelisema hapa ili nisiulizwe moja moja. Mpira niliacha kwa sababu ya goti, ila Jumamosi nafundisha vijana wa mtaani kwetu. Anayejua umeme wa jua wa kuendesha mashine kubwa anitafute, nina maswali. Na aliyebaki na daftari langu la jiografia, nimeshamsamehe."

Tofauti haiko kwenye ufasaha. Cheo kinafunga mazungumzo kwa sababu hakuna anayejua meneja mwandamizi wa uendeshaji anashinda akifanya nini, na kuuliza kunaonekana ushamba. Saa 11 alfajiri na nyuzi 8 zinafungua milango mitatu kwa mpigo: atauliza muuguzi, atauliza fundi umeme, atauliza hata yule aliyekuwa hapendi fizikia. Kanuni ya kuhariri ni rahisi. Ukikuta cheo, kifute, andika jambo ulilofanya Jumanne iliyopita. Ukikuta neno "mbalimbali", kama katika "nimefanya kazi katika taasisi mbalimbali", chagua moja na uitaje kwa kazi yake.

Angalia pia sentensi ya ndoa ilivyokaa. Haikuanza, haikumaliza. Wasomaji hujibu jambo la mwisho walilosoma. Ukiweka msiba, talaka, kifungo au ugonjwa mwishoni, utapokea pole 60 na hakuna atakayekumbuka kwamba unafundisha mpira. Ukiweka mwanzoni, kila kitakachofuata kitasomwa kwa jicho la huruma. Habari nzito ikae katikati, kwa sentensi moja, ikieleza lililotokea na hali ilivyo sasa, kisha mlango ufungwe waziwazi. "Sitalieleza zaidi hapa" ni maneno matatu yenye heshima kamili. Asiyetaka kulitaja kabisa asilitaje. Maelezo haya si kiapo mahakamani. Ninachopinga ni ile njia ya kati, ya kudokeza bila kusema: "nimepitia mengi, mengine ni siri yangu na Mungu." Dokezo kama hilo halifichi kitu. Linawaita watu waje kwenye ujumbe wa faragha kuuliza, na wanakuja kweli.

Miaka mitupu nayo isiwatishe watu. Mtu aliyekaa miaka 6 akimuuguza mzazi hudhani hana la kuandika kwa kipindi hicho, wakati ndicho chenye habari kuliko kuzunguka ofisi tatu. Mkusanyaji mwenye akili humwambia hivyo mapema. Humwomba aandike jinsi siku ilivyokwenda: dawa saa ngapi, nani alimpokea zamu, alijifunza nini kuhusu kumgeuza mgonjwa kitandani.

Swali la mwisho, lile la msaada, wengine huliona kama kuombaomba. Si hivyo. Mwaka 2011 watafiti Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan waliwataka mameneja wawatafute watu waliopoteza mawasiliano nao kwa miaka, wawaombe ushauri kuhusu kazi waliyokuwa nayo mkononi. Ushauri wa watu hao wa zamani ulikuwa na mambo mapya kuliko ule wa watu waliokuwa wakiwasiliana nao kila siku. Sababu ni ya kawaida: mnaoonana kila siku mnajua mambo yale yale, ilhali mliotengana mmekwenda kuona mengine, na bado kuna kuaminiana kulikojengwa zamani. Swali mahususi ndilo linalochota utajiri huo. "Tuunganishe nguvu" halichoti chochote.

Ila pesa zisichanganywe na zoezi hili hata chembe. Namba ya michango ikitokea chini ya ombi la maelezo, hata iwe ya mfuko wa kufaana, kila atakayepokea atasema moyoni "kumbe ndicho walichotaka". Harambee ije baadaye, kwa barua yake. Vivyo hivyo kwa mwenye kugombea uongozi na mwenye kuuza virutubisho: waambieni mapema kwamba maelezo yao yatahaririwa kama ya wengine.

Kuna hatari ya upande mwingine ambayo makundi mengi hayaifikirii. Ripoti ya darasa ni hazina kwa tapeli: majina kamili, majina ya utani, shule, miji, kazi. Usiandike tarehe kamili ya kuzaliwa, majina ya watoto pamoja na shule zao, wala jina la mama mzazi, kwa sababu hayo ndiyo majibu ya maswali ambayo taasisi nyingi huyatumia kumthibitisha mteja. Namba za simu zikae kwenye orodha ya pembeni, wanaopenda tu. Utapeli wa kawaida kwenye makundi haya ni wa akaunti iliyotekwa. Mwenzenu "anaandika" kwamba amekwama na anahitaji pesa leo hii, au anakuomba umsomee tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yako kwa bahati mbaya. Hakuna bahati mbaya hapo. Tarakimu hizo ndizo za kusajili akaunti yako kwenye simu nyingine, na ukizitoa, ombi la pesa linalofuata litatumwa kwa jina lako. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada unayoichagua mwenyewe, kwenye mipangilio ya akaunti. Anayeomba pesa mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, msikie sauti. Na ukimpima kwa swali la shuleni, usichague lolote lililokwisha kuandikwa kwenye kundi au kwenye ripoti, maana aliyeiteka akaunti huenda anayasoma yote hayo.

Waliofariki wanahitaji uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwenye kila darasa kuna mtu aliyezikwa kwa uvumi na bado yu hai, na akijikuta kwenye orodha ya marehemu hatacheka sana kama mnavyodhani. Jina lisiingie mpaka watu wawili wathibitishe, mmoja wao akiwa wa familia. Andika jina la shuleni, mwaka wa kufariki, na sentensi mbili za kumbukumbu zilizoandikwa na mtu aliyemjua kweli. Chanzo cha kifo kiachwe, isipokuwa familia imetaka kitajwe.

Wanaobaki ni wale ambao hakuna mwenye namba yao, au yupo mwenye namba na anaogopa kuandika. Woga huo umepimwa. Lara Aknin na Gillian Sandstrom walichapisha mwaka 2024 kwamba hata watu waliotaka kumwandikia rafiki wa zamani, walioamini angefurahi, wenye mawasiliano yake na waliopewa muda wa kuandika, waliotuma hawakufika theluthi moja. Kilichosaidia ni kuwapa kwanza dakika chache za kuwaandikia marafiki wa sasa. Mkono ukishazoea, ule ujumbe mgumu ulitumwa na wengi zaidi. Peggy Liu na wenzake walionyesha mwaka 2022 upande wa pili wa jambo hilo: anayepokea salamu huithamini kuliko mtumaji anavyotarajia, na zaidi inapomjia bila kuitarajia.

Ujumbe wa kwanza uwe na sentensi tatu. Ya kwanza ni wewe ni nani, kwa jina la shuleni. Ya pili ni kumbukumbu moja mahususi kati yenu wawili, si ya darasa zima. Ya tatu ni unachotaka, au kwamba hutaki kitu, na hiyo ya tatu msiidharau, kwa sababu mtu aliyekaa kimya miaka 20 akiibuka na "mambo, za siku?" jambo la kwanza analowaza mpokeaji ni mchango. "Unanikumbuka?" ni kufungua vibaya kwa sababu ile ile ya utafiti wa 1975: unamtaka akumbuke bila kidokezo, na akishindwa anaona aibu, na mwenye aibu hajibu. Maswali ya "umeoa?" na "una wangapi?" pia yasubiri. Anayetaka kusema atasema. Asiye na cha kusema kwenye hayo mawili umemfungia mlango kabla hajaingia.

Pana aina moja ya ujumbe isiyofaa kupitia kwenye ripoti wala kwenye kundi: radhi. Aliyekuwa akiwaonea wenzake bwenini, akaandika hadharani "kama kuna niliyemkosea anisamehe", amewalazimisha walioonewa ama kumsamehe mbele ya watu 90 ama kuonekana wana kinyongo. Radhi iende kwa mtu mmoja, itaje kilichotendwa, isiombe jibu.

Ripoti ikitoka, itume kama PDF moja, majina yakiwa kwa herufi za jina la shuleni na jina la sasa kwenye mabano. Ujumbe wa sauti si mbadala wake. Ni mtamu kuusikiliza, lakini baada ya miaka 5 hakuna atakayeupata kati ya sauti 400, na hautafutiki kwa neno. Asiyeandika awekwe jina lake na maneno "hajaandika" tu. Msiandike "hajulikani alipo", kwa kuwa mara nyingi anajulikana sana, ameamua tu. Toleo la pili, miaka 5 mbele, lisimrudishe mtu kusimulia upya. Mtumie aya yake ya zamani, mwombe maneno 40 ya kilichobadilika, na aliyewekewa "hajaandika" mara ya kwanza apelekewe ombi lile lile kamili, bila kukumbushwa kwamba alikataa.